Mlima kufunguka asubuhi sio jibu la maombi

Jana tena. Kijana kanikuta nje ya ofisi ya mtaa hapa Pasua, shikamoo mchungaji, marahaba karibu kaa, na kabla hata hajakaa vizuri kwenye benchi akaniambia "mchungaji, kuhusu ile kazi ya Arusha nimemwekea Mungu ngozi", yaani kamwomba Mungu ampe ishara ndo aamue. Hii kauli na nyingine za namna hii nimezisikia mno, kwenye semina za ndoa, msibani, mpaka kwenye daladala, sasa nimeona niziandike manake kuelekeza mmoja mmoja siwafikii wote na watu wanaumia kwelikweli.

"Omba ishara kama Gideoni, Mungu atajibu." Hii ndo inaniuma kuliko zote. Watu wameishika ile ngozi ya kondoo ya Waamuzi 6, ambayo Gideoni aliitandika akaomba umande uilowanishe yenyewe tu na chini kuwe kukavu, ila sura yenyewe hawajaisoma kuanzia juu. Rudi mstari wa 14, Gideoni ameshaambiwa waziwazi nenda ukawaokoe Israeli, tena ameshapewa ishara moja pale mwambani, moto ukatoka ukala nyama na mikate, kwa hiyo anapokuja kutandika ngozi mstari wa 36 hatafuti kujua mapenzi ya Mungu, anayajua, na anakiri kwa mdomo wake kwamba Mungu ameshasema. Anaogopa tu. Na alipogeuza ombi, kwamba sasa ngozi iwe kavu umande uwe chini, alianza kwa kumsihi Mungu hasira yake isiwake, yaani hata yeye aliona anavuka mpaka. Mungu alimvumilia kwa huruma zake, hakuwa anatuwekea utaratibu wa kufuata.

Kuna baba mmoja alitaka kukopa milioni nne kwenye kikundi chao achukue bajaji ya mtumba. Ilikuwa Januari. Akaomba, Bwana, kesho asubuhi Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, ikionekana nachukua. Saa kumi na mbili na nusu akatoka uani na kikombe chake cha chai, Kibo hiyo hapo, nyeupe pee, hakuna wingu. Akaenda kusaini. Jamani, sisi tuliokulia Moshi tunajua Januari mlima unakuwa wazi asubuhi karibu kila siku, mawingu yanakuja kuufunika baadae. Aliuliza swali ambalo jibu lake ni majira ya mwaka. Hakuita fundi hata mmoja aje aisikilize injini, hakuuliza kadi ina jina la nani, hakukaa chini na mke wake. Mwezi wa tatu injini imekufa, marejesho yanadaiwa kila wiki, na kilichonivunja moyo sio ile hela, ni pale alipokaa kwenye hilihili benchi akasema "mchungaji, Mungu alinidanganya". Ndugu yangu, Mungu asubuhi ile hakukwambia kitu kuhusu bajaji. Mlima ulikuwa unaonekana, basi.

Soma Yakobo 1:5 taratibu. Mtu akipungukiwa na hekima na aombe. Hekima! Hajasema akipungukiwa na ishara. Na hekima inakuja ukiwa unatumia akili aliyokupa, Yesu mwenyewe kwenye Luka 14:28 anauliza nani anataka kujenga mnara asikae kwanza kuhesabu gharama. Mimi kila anayekuja namwambia chukua daftari, andika unachokijua na usichokijua, tafuta watu wawili wanaoielewa hiyo kazi na ambao hawapati chochote wewe ukikubali, lalia siku tatu ukiwa unaomba, alafu amua. Wengi hawapendi ushauri huu kwa sababu ishara inakutoa kwenye jukumu la kuamua, daftari halikutoi.

"Nina amani moyoni, kwa hiyo ni Mungu." Yona alikuwa anamkimbia Mungu na akalala usingizi mzito kabisa ndani ya merikebu. Yesu Gethsemane yuko katikati ya mapenzi ya Baba na jasho linamtoka kama matone ya damu. Alafu hiyo Wakolosai 3:15 mnayonitajia inaongelea kuishi na wenzako kama mwili mmoja, soma mistari ya juu yake.

"Mlango ukifunguka ujue ni yeye." Huyohuyo Yona alikuta meli ya Tarshishi iko tayari pale Yafa, na nauli anayo. Na Daudi kule En-gedi, mfalme Sauli aliyekuwa anamwinda kajileta mwenyewe pangoni, wenzake wanamwambia hii ndo siku aliyoisema Bwana, Daudi akakataa kumuua.

"Mtumishi ameniona kwenye maono." Sipingi unabii, Paulo anasema tusiutweze, ila palepale anasema tupime mambo yote. 1 Wafalme 13 yule mtu wa Mungu aliambiwa na Mungu asile wala asinywe kule Betheli, akaja nabii mzee akasema malaika kaniambia urudi ule kwangu, akarudi, akala, njiani simba akamuua. Ukiambiwa uuze kihamba, lile shamba la ukoo, ipeleke kwanza kwa wazee wa kanisa na wa ukoo, wote.

"Mungu ameniandalia mtu mmoja tu duniani, nikimkosa basi." 1 Wakorintho 7:39, mjane yuko huru kuolewa na mtu amtakaye, katika Bwana tu. Amtakaye.

Yule kijana wa jana nilimpa karatasi. Akaandika mshahara, kodi ya chumba Sakina kule Arusha, nauli, nani wa kumuuliza kuhusu hiyo kampuni. Nikamwambia andika na mama, manake mama yake ana kisukari na wanaishi wawili tu. Kalamu ikasimama. "Mchungaji, hilo sikuwa nimelifikiria." Tukaombea hapohapo benchini, na jioni alikuwa anaenda kumpigia dada yake wa Himo.