Kwa nini anayesomea mandhari hulazimika kusafiri?

Mwambie mzazi kwamba mwanawe amechagua usanifu wa mandhari, atakuuliza kama kweli kupanda maua kunahitaji kukaa chuoni miaka yote hiyo. Mwambie tena kwamba huyo mwana anaomba nauli ya kwenda kukaa muhula mzima Hannover au Barcelona akiangalia mito na bustani za watu. Hapo mazungumzo yatakuwa yamekwisha.

Lakini mzazi ana haki ya kuuliza. Mbona mwanafunzi wa uhasibu halazimiki kupanda ndege ndipo aelewe hesabu?

Jibu limo kwenye kazi yenyewe. Msanifu wa mandhari hushughulika na yaliyo nje ya kuta: maji ya mvua yatapita wapi, mti gani utatoa kivuli bila kung'oa lami, watoto watacheza wapi, ukingo wa mto utashikwa na nini usimomonyoke. Ramani ya nyumba unaweza kuituma kwa barua pepe na fundi wa nchi nyingine akajenga, ikasimama. Udongo hautumwi, wala mteremko, wala jua la saa saba mchana. Inabidi uvifuate viliko.

Tabia hii ni kongwe kuliko vyuo vyenyewe. Mwaka 1850 Mmarekani mmoja mkulima, Frederick Law Olmsted, alikuwa akitembea Uingereza. Alipofika Birkenhead, ng'ambo ya mto kutoka Liverpool, muuza mikate alimsihi asiondoke kabla hajaiona bustani yao mpya. Bustani hiyo, iliyochorwa na Joseph Paxton, ilikuwa imefunguliwa miaka mitatu tu nyuma. Kilichomshangaza Olmsted si maua. Ni kwamba ilikuwa mali ya umma: maskini na tajiri waliingia kwa haki ileile. Mwaka 1858 yeye na Calvert Vaux, Mwingereza aliyehamia Marekani, wakashinda shindano la kuchora Central Park ya New York. Shahada ya kwanza ya fani hii ilikuja baadaye sana, Harvard, mwaka 1900. Kwa hiyo unaweza kusema mwalimu wa kwanza wa somo hili alikuwa muuza mikate.

Siku hizi safari zina utaratibu. Kuna shahada ya uzamili iitwayo EMiLA, inayounganisha vyuo vya Amsterdam, Barcelona, Edinburgh, Hannover na Versailles, na mwanafunzi huhama kutoka kimoja kwenda kingine. Wanafunzi wa Ulaya wana umoja wao pia, ELASA, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wanauendesha wenyewe kwa kujitolea, na kila mwaka nchi nyingine huwa mwenyeji wa mkutano. Halafu lipo shirikisho la dunia la wasanifu wa mandhari, IFLA, lililoundwa mwaka 1948. Kwenye makongamano yake wanafunzi huchanganywa katika vikundi, kila mmoja na nchi yake, wakapewa eneo halisi na siku chache tu za kulitafutia mchoro.

Zoezi hilo huitwa sharete, neno la Kifaransa lenye maana ya mkokoteni. Husimuliwa kwamba katika chuo cha sanaa cha Paris mkokoteni ulipita kukusanya michoro saa ya mwisho ilipofika, na waliochelewa waliurukia wakamalizia kuchora humohumo njiani. Aliyewahi kukesha na kazi ya chuo atawaelewa.

Ubora wa vikundi hivyo uko kwenye kubishana. Mholanzi amekulia nchi ambayo sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari, kwa hiyo akiona maji huwaza ukuta na pampu. Wa Kisumu akiona maji huwaza ziwa linalopanda na kushuka, na gugumaji, mmea unaoelea na kuziba maji. Na gugumaji lenyewe ni somo: lilitoka Amerika ya Kusini na kusambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri la zambarau, mapambo ya madimbwi. Mmea ulisafiri, ila hakuna aliyekwenda nao kuuliza kwao huwa unazuiwa na nini.

Mfano wa safari iliyozaa ni Kongjian Yu. Mtoto wa kijijini Zhejiang, China, alipata udaktari wake Harvard mwaka 1995. Badala ya kurudi na bustani za Kimarekani, alirudi akisema kwamba madimbwi na matuta ya mpunga ya kijijini kwao yalijua kuhifadhi maji kuliko mifereji ya zege. Wazo lake likaitwa mji wa sponji, yaani mji unaofyonza maji ya mvua kama sifongo, na mwaka 2015 serikali ya China ilichagua miji 16 ya kulijaribia.

Kwetu mfano uko Kibera, mtaa wa mabanda jijini Nairobi. Mwaka 2006 wanafunzi wa Harvard waliokuwa wakisomea mandhari, majengo na mipango miji walianzisha shirika la Kounkuey Design Initiative. Eneo lao la kwanza Kibera lilikuwa jalala kando ya mto. Wenyeji ndio waliosema wanataka nini, na leo hapo ni mahali pa kukutana na kuchezea.

Lakini tuseme ukweli: njia hii imefunguka zaidi upande mmoja. Mwanafunzi wa Boston, jirani na Harvard, hufika Kibera kwa urahisi kuliko wa Juja, mji wa chuo karibu na Nairobi, kufika Boston, kwani viza na nauli havijui kipaji. Ndiyo maana ilikuwa na uzito pale kongamano la IFLA la mwaka 2023 lilipofanyika Stockholm na Nairobi kwa pamoja.

Mgeni wa fani hii akija pwani, mimi ningempeleka Bamburi, Mombasa. Palikuwa na machimbo ya kiwanda cha saruji, mawe matupu ya matumbawe na maji ya chumvi. Mwaka 1971 Mswisi René Haller alijaribu kupanda aina 26 za miti. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu, mvinje na mnazi zikiwemo. Majani ya mvinje yakaanguka yakarundikana, hayaozi. Akaleta jongoo. Jongoo wakayala, na kinyesi chao kikawa udongo ambao miti mingine ilishika mizizi. Ningemwambia mgeni ainame, achote kiganja kimoja chini ya mvinje, anuse.