Neno "zawadi" halipunguzi ushuru wa bampa

Wiki iliyopita yamenifika tena. Safari hii ni mzee mmoja wa Jinja, mwalimu mstaafu, mwenye Peugeot 504 aliyoachiwa na kaka yake. Aliagiza Ufaransa bampa ya mbele na vishikio viwili vya mlango. Akaniwekea simu mezani: "Mwanangu, nilimwambia muuzaji aandike zawadi, dola 20. Mbona mzigo umekaa Entebbe siku tisa?"

Sikumjibu papo hapo. Nilikuwa nimekasirika, na mzee hastahili kukasirikiwa. Aliambiwa hivyo na mtu anayemwamini, aliyeambiwa na mwingine huko Kiseka, soko la spea la Kampala. Nina miaka 14 katika kazi ya uwakala wa forodha, nilianzia Malaba nikahamia Kampala, na hakuna ushauri uliowatia hasara wapenzi wa magari ya zamani kuliko huo wa "mwambie aandike zawadi".

Nilikwenda naye Entebbe. Boksi lilifunguliwa mbele yetu. Vishikio vya kromu vilikuwa vimeviringishwa kwa karatasi, kila kimoja na kifuko chake, na kwenye kifuko kuna stika ya duka: namba ya spea, na chini yake yuro 85. Ofisa hakusema neno. Alikigeuza kifuko polepole mpaka stika ikamwelekea mzee, asome mwenyewe.

Thamani ya forodha haitoki kichwani mwa ofisa. Imeandikwa kwenye Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, Jedwali la Nne, ambalo linafuata mkataba wa Shirika la Biashara Duniani. Kuna njia sita za kuipata, na zinafuatwa kwa mpangilio. Ya kwanza ndiyo rafiki yako: bei uliyolipa kweli. Ukithibitisha kwamba ulilipa yuro 85, hesabu inaanzia hapo, hata kama duka la jirani wa muuzaji wako linauza 140. Ukiandika "zawadi" umetamka kwa mkono wako kwamba hakukuwa na mauzo. Pasipo mauzo hakuna bei iliyolipwa, na njia ya kwanza imekufa. Ofisa anashuka kwenye ya pili, bei ya bidhaa ileile iliyoingizwa na mtu mwingine. Halafu ya tatu, bidhaa inayofanana nayo. Na kuendelea hivyo mpaka ya sita, inayomruhusu kukadiria kwa njia yoyote ya busara isiyopingana na sheria. Ile ankara uliyoificha ndiyo iliyokuwa inakulinda.

Kwa spea za magari ya zamani jambo hili linauma zaidi. Nani mwingine ameingiza bampa ya 504 Uganda miezi ya karibuni? Hakuna. Kwa hiyo njia ya pili haina cha kushika, ya tatu inayumba, na kipuri chako kinaishia kulinganishwa na kitu cha gari la kisasa ambacho hakihusiani nacho.

Na ukisema bei ya uongo kwa makusudi, kifungu cha 203 cha sheria hiyo kinataja kifungo kisichozidi miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000. Forodha wanaweza pia kurudi kukagua hati zako ndani ya miaka mitano. Na kuna bima. Mzigo ukipotea njiani, unalipwa kwa thamani iliyotangazwa. Umetangaza dola 20, utalipwa dola 20, na bampa yako imekwenda.

Hata hivyo, kusema kweli nako kuna siku zake ngumu, na sipendi kulificha hilo. Mteja wangu mmoja alinunua giaboksi ya Land Rover Series III Uingereza kwa pauni 150, kwa mama mjane aliyekuwa anasafisha gereji ya marehemu mumewe. Bei ya kweli kabisa. Ofisa hakuamini, na ukiniuliza, hata mimi nisingeamini kwa kuangalia ankara peke yake. Tulipeleka tangazo la mauzo, ujumbe waliotumiana, na risiti ya benki. Walikubali, lakini siku zilikuwa zimekwenda, na gharama za ghala zilikula karibu kila senti tuliyookoa kwenye kodi. Mpaka leo sina hakika kama nilimshauri vyema kushikilia haki yake, au ningemwambia akubali bei ya juu kidogo achukue mzigo siku ya pili.

Sasa tuje kwenye fedha zenyewe, kwa sababu watu wanaita kila kitu "ushuru". Mzee wangu alidai ushuru umezidi bei ya bampa. Haukuzidi. Kilichozidi ni boksi.

Bampa ya 504 haina uzito wa kutisha. Ya mzee, pamoja na kifungashio, ilikuwa kilo tisa. Lakini muuzaji aliiweka kwenye boksi la sentimita 175 kwa 35 kwa 25. Kampuni za vifurushi vya haraka zinazidisha vipimo hivyo vitatu na kugawa kwa 5,000, kisha zinakutoza kwa namba iliyo kubwa kati ya hiyo na uzito wa mizani. Fanya hesabu: 153,125 gawa kwa 5,000, unapata zaidi kidogo ya 30. Mzee amebeba kilo tisa na amelipia karibu 31. Mizigo ya kawaida ya ndege hugawa kwa 6,000, ambayo ingempa kilo 25 na nusu. Na lile boksi lilikuwa na hewa tupu. Nilipima kwa kiganja nikaona upana ungeweza kupungua theluthi bila kuikwaruza kromu. Hiyo ndiyo pesa iliyopotea, na ilipotea Ufaransa, kabla ofisa yeyote wa Uganda hajaiona bampa hiyo.

Basi mtu ananiambia, "Ssebo (bwana), si ningeleta kwa meli? Meli ni rahisi." Meli ni rahisi ukiwa na ujazo. Mzigo wa kuchangia kontena unatozwa kwa mita ya ujazo, na kwa kawaida kuna kiwango cha chini: ukileta robo ya mita unalipa mita nzima. Ongeza gharama za hati, za kufungua kontena, za bandari ya Mombasa, na za lori la kupanda nalo hadi Kampala, zaidi ya kilomita 1,100. Boksi moja la bampa kwa meli ni kazi bure. Lakini watu watano wenye milango, madigadi na bodi za Land Rover wakikusanya mzigo kwa muuzaji mmoja, hapo meli inashinda vibaya sana.

Na kuna jambo ambalo linanikera kwa sababu hata mawakala wenzangu wanalipita. Watu wengi wanajua kwamba kodi inahesabiwa juu ya bei ya kitu, bima na usafiri. Kwa meli ni kweli: nauli ya kufikisha mzigo bandarini inaongezwa kwenye thamani. Kwa ndege si hivyo. Jedwali lilelile la Nne linasema kwamba bidhaa zikiingizwa kwa ndege, gharama ya usafiri haiongezwi kwenye bei kwa ajili ya ushuru wa forodha. Kabureta ya dola 300 iliyolipiwa dola 110 za ndege inaanza hesabu ya ushuru kwenye 300 pamoja na bima, si 410. Nimeona hati zilizojazwa ovyo na wakala mwenye haraka, nauli ya ndege imejumlishwa ndani, na mteja amelipa bila kuuliza. Sharti ni moja: nauli lazima ionekane peke yake kwenye ankara au kwenye hati ya usafiri. Muuzaji akikuandikia "bei pamoja na usafiri, dola 410", amekufungia mlango. Mwombe atenganishe. Ni mstari mmoja tu kwenye ankara.

Viwango sasa. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya una ngazi za asilimia 0, 10, 25, na tangu Julai 2022 ipo ya 35. Juu yake kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, inayohesabiwa baada ya ushuru kuongezwa. Kodi ya zuio, yaani kodi ya mapato inayokatwa mapema, ya asilimia 6 kwa asiye na msamaha wake. Na tozo ya miundombinu ya asilimia 1.5. Chukua thamani ya dola 600. Kipuri kikiangukia asilimia 10: ushuru 60, ongezeko la thamani 118.80, zuio 36, miundombinu 9. Jumla karibu dola 224. Kikiangukia asilimia 25, jumla inafika 330. Kwa hiyo anayekuambia "ni asilimia 10 tu" amekuambia chini ya theluthi moja ya habari.

Nani anaamua kama ni 10 au 25? Hapa ndipo kazi yangu ilipo, na hapa ndipo wenye gari wanaponiletea ankara iliyoandikwa "spea za gari" basi. Hakuna kitu kinachoitwa "spea za gari" kwenye kitabu cha ushuru. Kuna kifungu cha 8708, cha sehemu na vifaa vya magari, na watu wanadhani kila kitu kinaingia humo. Haviingii. Bering ni 8482 hata ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya gari lako peke yake. Boliti na nati ni 7318. Plagi, koili na dinamo ni 8511. Taa ni 8512. Kioo cha mbele ni 7007, kioo cha pembeni cha kutazama nyuma ni 7009. Kabureta na pistoni ziko 8409. Kipima mwendo ni 9029. Springi ya majani ni 7320. Gasketi ya mpira iko kwingine na gasketi yenye bati iko kwingine. Boksi moja la kufufulia Land Rover linaweza kuwa na vifungu kumi na viwili, na kila kimoja na kiwango chake. Ukiandika mstari mmoja, utapewa kiwango kimoja, na usitegemee kitakuwa cha chini.

Pedi za breki ndizo zinazoniumiza kichwa. Zikiwa ni utando mtupu, ile sehemu inayosuguana, haujafungwa kwenye chuma, ni 6813. Zikiwa tayari zimeshikizwa kwenye bati lake ni 8708. Ukisoma kitabuni inaonekana rahisi. Lakini zipo seti za zamani zinazokuja na utando, ribiti na viatu vya breki kwenye boksi moja, bado havijaunganishwa. Nimewahi kutetea hoja ileile mara mbili kwa seti za namna hiyo. Mara moja nilishinda, mara moja nilishindwa, na ofisa wa mara zote mbili alikuwa na maelezo ya maana. Mzigo ukiwa mkubwa, siku hizi naomba Mamlaka ya Mapato ya Uganda (URA) uamuzi wa awali, waseme ni kifungu kipi kabla haujasafiri.

Mengine nayasema upesi. Bila TIN, namba yako ya mlipakodi, usiagize. Tairi zilizotumika za magari madogo haziruhusiwi kuingizwa kabisa, hata ziwe na chapa adimu namna gani. Kabureta au tangi lililotumika likinukia petroli litakataliwa kupanda ndege, kwa hiyo muuzaji alioshe na alikaushe. Na usifikirie kuleta gari zima ulikate vipande hapa: tangu 2018 gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi haliingii Uganda. Ndiyo maana spea hizi zina thamani; 504 zilizobaki nchini ndizo hizo tulizo nazo.

Wapo pia wanaonunua Nairobi, Kirinyaga Road, wakiamini kwamba kitu cha Kenya hakina ushuru. Kisicho na ushuru ni kile kilichozalishwa ndani ya Jumuiya na kina cheti cha asili kinachothibitisha hivyo. Pampu ya maji iliyotengenezwa Ufaransa haibadiliki uraia kwa kukaa rafu ya Nairobi miaka mitatu.

Mzee wa Jinja alileta ankara ya kweli, tukarekebisha hati, akalipa kodi na faini, na siku za ghala. Nilimsaidia kuitoa bampa kwenye lile boksi refu. Tuliifunga kwa blanketi, tukailaza kuanzia kioo cha nyuma cha Corolla ya mwanawe mpaka katikati ya viti vya mbele, na alikaa pembeni yake ameishika kwa mikono miwili. Kabla hawajaondoka akanionyesha picha nyingine kwenye simu: kioo cha mbele cha 504, kipya, kiko Marseille. Nimemwambia asilipe chochote kwanza. Amwombe muuzaji vipimo vya boksi, urefu, upana na kimo, na nauli yake iandikwe mstari wake. Jana usiku alinitumia vipimo. Nimemrudishia: boksi lipunguzwe kimo kwa sentimita 8.