Maporomoko na mapango ya Bastar: picha zinadanganya wapi?

Ukitafuta matembezi ya India ya kati kwenye simu, hukosi kukutana na maporomoko ya Chitrakote, katika eneo la Bastar, kusini mwa jimbo la Chhattisgarh: maji mekundu ya tope yanamwagika kwa umbo la kwato ya farasi, ng'ambo hadi ng'ambo. Halafu mtu anakata tiketi ya Aprili.

Dhana: "Chitrakote ni Niagara ya India, wakati wowote ni ileile."

Jina hilo limeshaganda, halitoki tena. Lakini kimo chake ni kama mita 29 tu, karibu nusu ya Niagara. Sifa yake ni upana: mto Indravati ukifura, pazia la maji hufikia mita 300 hivi. Anayeufurisha tunamjua. Ni kusi, pepo zilezile zilizovusha majahazi yetu kwenda Bara Hindi, ndizo huwapelekea mvua kuanzia Juni hadi Septemba. Ukija Aprili au Mei, pazia limechanika vipande vyembamba na mwamba uko wazi. Si hasara tupu, maana maji yakipungua wapiga makasia hukusogeza hadi karibu na poromoko. Ila usitarajie picha ile.

Maporomoko jirani ya Tirathgarh ndiyo marefu zaidi, kama mita 90, lakini maji hushuka ngazi kwa ngazi, kwa hiyo jicho halikioni kimo hicho kwa mara moja.

Dhana: "Basi nitakwenda wakati wa mvua, nione vyote."

Hapa ndipo wengi huumia. Pango la Kutumsar, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Bonde la Kanger iliyotangazwa 1982, hufungwa msimu wa mvua kwa sababu maji huingia ndani. Poromoko linaponona, pango limefungwa; pango likifunguliwa, poromoko limeanza kukonda. Ningekuwa mimi, ningekwenda Novemba: mto bado una nguvu na pango kwa kawaida limeshafunguliwa. Uliza kwanza Jagdalpur, mji mkuu wa Bastar, kwani tarehe hufuata mvua.

Dhana: "Pangoni ni baridi, nibebe sweta."

Liache. Joto la ndani ya pango hukaribia wastani wa mwaka mzima wa mahali lilipo, na Bastar ni nchi ya joto. Unajipenyeza kwenye mlango mwembamba, unashuka ngazi nyuma ya taa ya mwongozaji, na kabla hujafika chini shati limeshakuganda mgongoni. Juu yako mawe ya chokaa yananing'inia kama chuchu za ng'ombe, kila moja na tone lake nchani. Mkono utakuwasha kuyagusa. Mawe hayo hukua chini ya milimita moja kwa mwaka, na mafuta ya kidole huzuia chokaa kushika.

Dhana: "Samaki vipofu wa Kutumsar hawana ndugu popote."

Wanao, tena nje palepale. Ni spishi ileile ya samaki wadogo wa vijito vya India, Indoreonectes evezardi. Wa nje wana macho mazima. Kwa wa gizani macho yamedidimia na rangi ya ngozi imefifia.

Dhana: "Dimbwi lililo chini ya poromoko limetulia, tuogelee."

Utulivu ni wa juu tu. Chini maji huzunguka na kuvuta, na mvua ikinyesha mbali mtoni, mto hupanda huku kwako jua likiwaka.

Dhana: "Ni pori tupu, twende mandari tutakapo."

Misitu hiyo ya miti iitwayo sal ina wenyewe, Wagondi na Wadhurwa miongoni mwao. Machi na Aprili alfajiri utawakuta wameinama chini ya miti ya mahua, wakiokota maua yaliyodondoka usiku. Majani ya sal huyashona kwa vijiti vyembamba vya mianzi yakawa sahani. Kula kwenye hizo, uache za plastiki. Na kima wale wa uso mweusi, wengi huwalisha kwa heshima ya Hanuman, mungu wa Wahindu mwenye umbo la kima. Matokeo yake kima wamejifunza kufungua zipu za mabegi.