Kenyatta hakutumikia kifungo chake Kapenguria

Wengi tumekua tukiamini kwamba Jomo Kenyatta alitumikia miaka yake saba ndani ya vyumba vidogo vya Kapenguria, makao makuu ya Pokot Magharibi. Sivyo. Yeye na wenzake watano (Kaggia, Kubai, Ngei, Karumba na Oneko) walizuiliwa pale kwa miezi michache tu, wakati kesi yao ya kushtakiwa kuongoza Mau Mau, uasi dhidi ya ukoloni wa Kiingereza, ikisikilizwa. Hakimu Ransley Thacker alipowahukumu, tarehe 8 Aprili 1953, walipelekwa mbali zaidi kaskazini, Lokitaung, katika jangwa la Turkana. Oneko baadaye alishinda rufaa, lakini hakuachiliwa. Mwaka 1959 Kenyatta alihamishiwa Lodwar, kisha Maralal mwaka 1961.

Hata mahakama yenyewe haikuwa na jengo lake; kesi iliendeshwa katika darasa la shule. Mji ulichaguliwa kwa sababu ya jiografia: ulikuwa mbali na Nairobi, kwenye eneo ambalo wakati huo mtu hakuingia bila kibali, na mawakili wa utetezi wakiongozwa na D. N. Pritt walilazimika kulala Kitale na kusafiri kila siku.

Kwangu mimi, lenye uzito zaidi ni suala la mipaka. Julai 1953 Mahakama Kuu ilitengua hukumu kwa kuwa Thacker aliteuliwa kuwa hakimu wa Mkoa wa Kaskazini, ilhali Kapenguria ilikuwa Mkoa wa Bonde la Ufa. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ikairejesha hukumu hiyo, na wafungwa wakabaki Lokitaung.