Agosti kwa ndege wa Yorkshire: yanayosemwa na yaliyopo

"Agosti ndege hakuna."

Kauli hii, inayosemwa kwa anayepanga kwenda kutazama ndege Yorkshire, kaskazini mwa England, ina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha watu. Ukiingia msitu wowote wa Uingereza wiki ya pili ya Agosti, utakuta kimya. Madume hawaimbi, kwa kuwa msimu wa kutafuta jike na kulinda eneo umepita, na wengi wanabadilisha manyoya, kwa hiyo hujificha vichakani. Dume la bata wa kawaida hupoteza kile kichwa chake cha kijani akafanana na jike, na kwa wiki kadhaa hata kuruka hawezi. Kekeo wazima wengi waliaga tangu Juni. Mwaka 2011 watafiti wa BTO, shirika la Uingereza la utafiti wa ndege, waliwafunga kekeo watano wa mashariki mwa Uingereza vifaa vya satelaiti, na vifaa hivyo vikaonyesha kwamba ndege hao hukaa majira ya baridi katika bonde la Kongo.

Lakini huko ni msituni. Pwani, mwezi huohuo, ni kama stendi ya mabasi siku ya kuamkia sikukuu. Ndege wa matopeni waliotaga kaskazini ya mbali huanza kurudi mapema kuliko watu wanavyodhani, wengine mwishoni mwa Juni. Wazima hutangulia, baadhi wakiwa bado na rangi nyekundu ya msimu wa kuzaa, na makinda hufuata Agosti na Septemba, peke yao, njia wasiyowahi kuipita. Miongoni mwao yumo curlew sandpiper, kitwitwi mdogo mwenye mdomo uliopinda, anayezaliwa Siberia. Aliyekulia Watamu au Malindi amewaona ndugu zake wakichokora matope ya Mida Creek. Anayewatafuta Yorkshire awatazamie zaidi makinda, kuanzia mwisho wa Agosti, hasa baada ya siku kadhaa za upepo wa mashariki.

"Twendeni Bempton tukawaone puffin."

Mmechelewa. Picha za puffin, ndege wa bahari mwenye mdomo wa rangirangi, hutumika kutangaza utalii wa ndege mwaka mzima, lakini ndege mwenyewe huondoka kwenye majabali ya Bempton, pwani ya Yorkshire, mwishoni mwa Julai au siku za kwanza za Agosti, akakaa baharini mpaka majira ya kuchipua. Guillemot na razorbill, ndege wenzake wa majabalini, nao huwa wameshaondoka.

Hilo halina maana kwamba Bempton ifutwe kwenye ratiba. Gannet wamo mpaka Septemba na zaidi: ndege weupe wakubwa, mabawa yakikunjuliwa yanakaribia mita mbili, na makinda yao meusi yenye madoa yamekaa ukingoni yakijipa moyo wa kuruka. Ni koloni pekee la gannet katika bara la England. Huhitaji hata darubini, maana wanapita usawa wa macho yako. Kwa wenye watoto, napendekeza hapa kabla ya mahali pengine popote.

"Ufukweni unaweza kufika saa yoyote."

Hapa ndipo safari nyingi zinapoharibika, na inashangaza, kwa sababu mtu wa pwani yetu hahitaji kufundishwa habari za maji kujaa na kupwa. Akifika Ulaya anasahau! Anaangalia saa ya mapokezi ya hoteli, haangalii mwezi.

Mlango wa mto Humber, kusini mwa Yorkshire, una matope mapana mno. Maji yakipwa, ndege husambaa kilomita kwa kilomita, nawe utabaki kutazama vidoa kwa mbali. Maji yakijaa, matope hufunikwa na ndege wote husogezwa kuelekea nchi kavu, wakasongamana kwenye mabwawa na visiwa vidogo kama vile vya Kilnsea. Sasa unaweza kuwatazama kwa utulivu na kulinganisha huyu na yule. Lakini si maji yoyote. Wakati wa maji mafu, sehemu ya matope hubaki wazi na ndege hawana haja ya kusogea. Unachotaka ni bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo. Katika Humber, na kusini zaidi katika ghuba ya Wash ambako makumi ya maelfu ya knot, ndege wa matopeni, huinuka kwa pamoja pale Snettisham, bamvua hujaa alfajiri na jioni. Kwa hiyo atakayeamka saa tatu asubuhi, anywe chai kwanza, ndipo atafute njia, atakuta mambo yamekwisha. Fika muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, ukae, uyaache maji yakuletee ndege.

Angalia jambo moja kwenye ratiba ya maji: nyingine huchapishwa kwa saa za GMT, na kiangazi Uingereza imesogeza saa mbele. Ongeza saa moja.

Ratiba hiyo ina kazi ya pili. Spurn ni ulimi wa mchanga wenye urefu wa takriban kilomita tano ulioingia kwenye mlango wa Humber. Usiku wa tarehe 5 Desemba 2013 mawimbi ya dhoruba yaliikata shingo yake na kuifuta barabara. Tangu hapo gari halipiti, na maji makubwa huweza kufunika sehemu ile nyembamba. Ukivuka kwa miguu bila kuangalia saa, utajikuta kisiwani ukisubiri maji yapwe.

"Chagua siku ya jua kali."

Kwa kuogelea, sawa. Kwa ndege wanaohama, siku nzuri ya jua ndiyo siku ya bure, kwa sababu wanapita juu sana bila kutua. Ndege wadogo wanaotoka Skandinavia husafiri usiku kushuka kusini kupitia bara la Ulaya. Upepo wa mashariki ukiwasukuma juu ya Bahari ya Kaskazini, kisha mvua au ukungu ukawakuta, hutua kwenye nchi kavu ya kwanza wanayoiona, na mara nyingi nchi hiyo ni Spurn. Asubuhi ya namna hiyo vichaka vinavyoonekana havina kitu hujaa pied flycatcher, redstart na vijendege wengine waliochoka. Upepo ukigeuka ukavuma kutoka kaskazini, geuka nawe utazame bahari, maana ndege wa bahari kuu husogezwa karibu na pwani, na pamoja nao skua, maharamia wanaowafukuza membe mpaka watapike samaki.

Kwa hiyo mimi nisingepanga siku ya pwani na siku ya vilimani miezi mitatu kabla. Ningekodi malazi mapema, hasa kwa ajili ya Jumatatu ya mwisho wa Agosti ambayo ni sikukuu na vyumba huisha, kisha ningeamua jioni, baada ya utabiri wa hali ya hewa, kesho ni wapi.

"Curlew ni ndege wa vilimani, tumtafute vilimani."

Curlew, ndege mkubwa wa mdomo mrefu uliopinda (si yule kitwitwi mdogo wa Siberia), alikuwa huko Aprili hadi Juni. North York Moors, zile nyanda wazi za vilimani zinazoanza nyuma tu ya mji wa pwani wa Whitby, ni makazi yake ya kuzalia, pamoja na golden plover. Kufikia Agosti wengi wao wameshuka matopeni. Yule uliyemkosa juu utamkuta Kilnsea maji yakijaa.

Wanaobaki juu ni wachache, na ndio wa kupandia. Red grouse, kwale mwekundu wa kule, hahami kabisa: chakula chake kikuu ni machipukizi ya heather, kichaka kifupi kinachofunika nyanda hizo, na heather haina msimu wa kwenda likizo. Ndege aitwaye ring ouzel hula matunda ya porini kujinenepesha kabla ya kuelekea milima ya Atlas. Merlin, kozi mdogo, hupita chini kwa kasi. Na mimea yenyewe, Agosti, imechanua zambarau mpaka upeo wa macho.

Wengi hudhani uzambarau huo ni wa asili tupu. La. Miti ilikatwa huko tangu zamani za kale, na leo heather hubaki wazi kwa sababu kondoo wanalisha na wenye mashamba huichoma vipande vipande, ili kwale wapate machipukizi laini. Wanatunzwa ili wapigwe risasi. Msimu wa uwindaji hufunguliwa tarehe 12 Agosti, jambo ambalo mpanga safari asipolijua litamshangaza asubuhi akisikia milio ya bunduki.

Wengine hutoka hapo na dhana nyingine, kwamba basi Agosti vilimani hakuendeki. Kunaendeka. Sheria ya mwaka 2000 inawapa watu haki ya kutembea kwenye ardhi ya wazi iliyopakwa rangi kwenye ramani rasmi. Mwenye ardhi anaweza kuifunga hadi siku 28 kwa mwaka, lakini njia za umma za miguu hubaki wazi hata siku hizo. Mbwa ni suala jingine, mashamba mengi ya kwale huwakataza; muacheni nyumbani. Na sheria ya mwaka 1831 inakataza kuwinda ndege hawa Jumapili, kwa hiyo Jumapili ndiyo siku ya kupanda.

Vaeni suruali ndefu iliyochomekwa kwenye soksi, kwa ajili ya kupe wanaokaa kwenye majani marefu, na mkirudi mjikague. Darubini ya 8x42 inatosha, na ya 12 hutikisika mikononi. Ile kubwa ya miguu mitatu ibaki garini siku hiyo. Ni ya Kilnsea.