Fahirisi h ni nini, na kwa nini inampunja mtaalamu wa visukuku

Fahirisi h ni namba moja inayopima mambo mawili kwa mpigo: mtafiti amechapisha kiasi gani, na wenzake wameyatumia maandishi yake kiasi gani. Ilipendekezwa mwaka 2005 na Jorge Hirsch, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa na wengine angalau mara 20.

Kuikokotoa hakuhitaji programu. Panga makala za mtafiti kuanzia iliyorejelewa sana hadi isiyorejelewa, kisha uzipe nafasi: ya 1, ya 2, ya 3. Tuseme marejeleo ni 48, 30, 17, 9, 7, 6, 6, 3, 1 na 0. Makala ya 6 ina marejeleo 6, kwa hiyo inafaulu. Ya 7 nayo ina 6, pungufu ya nafasi yake, na hapo unasimama: h ni 6. Ile yenye marejeleo 48 hata ikipanda hadi 4,800, h itabaki 6 vilevile.

Namba hii haishuki kamwe, hivyo wazee wanapata nafuu. Hirsch mwenyewe alishauri igawanywe kwa miaka tangu makala ya kwanza: h ya 12 kwa miaka 8 ni 1.5. Tena, usitaje h bila kutaja ilikotoka. Google Scholar huhesabu tasnifu, vitabu na ripoti, kwa hiyo kwa kawaida hutoa namba kubwa kuliko hifadhidata za Scopus au Web of Science.

Kosa linalotokea mara nyingi zaidi ni la majina. Chukua familia ya Leakey, wachimbuaji wa visukuku wa Afrika Mashariki. Ukitafuta "M. Leakey" utachanganya Mary, aliyefanya kazi Olduvai na Laetoli, na Meave wa Turkana. "L. Leakey" ni Louis, na pia ni Louise, mjukuu wake. Walio hai hujikinga kwa ORCID, namba ya utambulisho wa mtafiti yenye tarakimu 16. Kwa waliofariki zamani, hakuna njia ila kupitia orodha makala kwa makala.

Kwenye visukuku, shida ni kubwa zaidi ya majina. Aliyeipa spishi jina huandikwa baada ya jina hilo pamoja na mwaka, mfano Paranthropus boisei (Leakey, 1959), jamaa wa kale wa binadamu. Mabano yanaonyesha kwamba spishi imehamishiwa jenasi nyingine, maana Louis Leakey aliiita Zinjanthropus. Watu huandika hivyo miaka nenda rudi, lakini makala yenyewe isipowekwa kwenye orodha ya marejeo mwishoni, mashine haihesabu kitu. Monografia nayo huonewa. Kitabu cha mamia ya kurasa kinachoeleza mfupa mmoja mmoja huhesabiwa kama chapisho moja, sawa na makala ya kurasa mbili. Mjerumani Werner Janensch alichapisha kuhusu dinosaria wa Tendaguru, Lindi, kuanzia 1914 hadi 1961, na kazi hizo bado zinatumika. Mtu anayepimwa kwa marejeleo ya miaka mitano ya kwanza hawezi kuonyesha maisha marefu ya namna hiyo.

Halafu kuna aliyeuona mfupa. Fuvu la Zinjanthropus liliokotwa na Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959. Makala iliyolitangaza kwenye jarida la Nature ina mwandishi mmoja tu, Louis. Mwaka 1984, huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, mtafuta visukuku Mkenya, aliona kipande cha fuvu kilichofikisha wachimbaji kwenye mifupa ya kijana wa Homo erectus, binadamu wa kale, iliyokaribia kukamilika. Makala ya 1985 ina waandishi wanne, na yeye hayumo. Kwa fahirisi h, siku ile ya Nariokotome inamwongezea Kamoya sifuri.

Ukitaka kujua uzito wa ugunduzi, usitafute mtu. Tafuta namba ya kielelezo, yaani ile ambayo kila kisukuku hupewa. Andika "OH 5" (lile fuvu la 1959) au "KNM-WT 15000" (kijana wa Turkana) ukiwa umeziweka ndani ya alama za kunukuu, la sivyo "OH 5" itakuletea kemia. Utapata kazi zilizopima mifupa hiyo hata pale makala ya kwanza haikutajwa. Kisha soma majina ya visukuku vyenyewe. Mwaka 1995 nyani mkubwa wa kale kutoka Turkana aliitwa Kamoyapithecus, na kila anayemwandika huandika jina la Kamoya, ingawa hakuna hesabu ya marejeleo inayolichukua.