Likizo ya nyumbani na malaria: maswali ya wanaoishi ughaibuni

Nilizaliwa na kukulia Mwanza, malaria nimeugua utotoni mara nyingi. Sasa naishi Ujerumani. Nikienda likizo nahitaji kweli vidonge vya kinga?

Unavihitaji. Kinga uliyokuwa nayo ilijengeka kwa kuumwa na mbu wenye vimelea mwaka hadi mwaka. Ukihama inapungua, na baada ya miaka michache huwezi tena kuitegemea. Kule Uingereza, wengi wanaokutwa na malaria baada ya safari si watalii. Ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kuwaona ndugu zao. Mtalii hukaa siku chache kwenye hoteli yenye kiyoyozi na vidonge anameza. Sisi tunakaa wiki kadhaa, tunashuka hadi kijijini, jioni tunapiga soga nje mpaka usiku, na tunaona haya kuambiwa tumejifanya Wazungu. Haya hiyo imegharimu maisha ya watu.

Na watoto waliozaliwa huku?

Hao hawana kinga yoyote, hata kama wazazi wote wawili ni watu wa Kisumu au Kigoma. Mtoto mdogo anaweza kuamka na homa asubuhi na kufika usiku akiwa mahututi, kwa hiyo dozi yake ipangwe na daktari kwa uzito wake. Mjamzito naye, kama safari inaweza kusubiri, aiahirishe: malaria huhatarisha mama na mimba pamoja. Ikiwa hakuna budi kusafiri, amwone daktari mapema. Mwenye sikoseli pia asisafiri bila ushauri.

Kuna vidonge gani?

Vinavyotumika zaidi ni vya aina tatu. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili unaanza siku 1 au 2 kabla ya kusafiri, unameza kila siku pamoja na chakula au maziwa, na unaendelea siku 7 baada ya kutoka. Doksisaiklini nayo ni ya kila siku, ila inaendelea wiki 4 baada ya kurudi. Haipewi wajawazito wala watoto wadogo, na ngozi huungua upesi juani. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki, inaanza wiki 2 hadi 3 kabla, na haimfai aliyewahi kuwa na kifafa au maradhi ya akili.

Wengi hukosea mwishoni: wakishashuka uwanja wa ndege wanaacha vidonge. Vimelea ulivyoambukizwa usiku wa mwisho bado vimo mwilini, na zile siku za nyongeza ndizo zinazovimaliza.

Klorokwini iliyobaki kabatini kwa mama usiitegemee. Tanzania iliiacha kama tiba ya kwanza mwaka 2001 kwa sababu vimelea vilishaizoea. Dawa ya mseto inayouzwa madukani nayo ni ya kutibu, si ya kukinga.

Nikimeza vidonge, chandarua cha nini?

Hakuna kidonge kinachokinga kwa asilimia 100. Mbu wa malaria, anofelesi, huuma kuanzia jioni hadi alfajiri. Ukifika, kikague chandarua cha chumba cha wageni kukiwa bado mchana. Kikunjue chote, kiinue kwenye mwanga utafute matundu, uyashone au uyafunge kwa uzi, kisha usiku kichomeke chini ya godoro pande zote. Kama kimechakaa, nunua kipya chenye dawa. Mwenyeji atakitumia ukishaondoka. Jioni vaa soksi na nguo ndefu, maana mbu hupenda vifundo vya miguu, na ujipake dawa ya kufukuza mbu yenye DEET.

Natoka Muscat kwenda Unguja. Si malaria imekwisha huko?

Imepungua sana, lakini haijaisha, na wageni wengi huvuka pia kwenda Tanga au Dar es Salaam, ambako hali ni nyingine. Mweleze daktari njia yako yote. Vilevile pwani kuna dengi, inayoenezwa na mbu anayeuma mchana. Dar es Salaam ilipata mlipuko mwaka 2014 na tena 2019. Ukipata homa na maumivu ya viungo, tumia parasetamoli. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziache mpaka upimwe, kwani kwa mwenye dengi huongeza hatari ya kutokwa damu.

Chanjo ya homa ya manjano ni lazima?

Inategemea unakotoka na unakopita, kwa hiyo uliza ubalozi. Ichome angalau siku 10 kabla. Tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha, usikitupe.

Kuogelea Ziwa Victoria je?

Ningekushauri usiingie, hasa ufukweni penye majani. Kichocho kinatoka kwa konokono wa majini na kinapenya ngozi nzima isiyo na kidonda. Wenyeji kuoga hapo si uthibitisho wa usalama. Wengi wao wanacho. Ukiwa umeshaingia, pimwa baada ya wiki 6 hadi 8 hata kama huumwi. Dawa yake, prazikwanteli, inafanya kazi vizuri. Baharini hakuna kichocho.

Nimerudi, wiki ya pili nina homa na kichwa. Ni mafua?

Usisubiri kujua. Homa inayoanza siku 7 au zaidi tangu ufike kwenye malaria ihesabu kuwa malaria mpaka kipimo kikatae, hata kama ulimeza vidonge vyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na sentensi yako ya kwanza iwe: "Nimetoka Tanzania, naomba nipimwe malaria." Daktari asiyeambiwa habari ya safari huenda akakurudisha nyumbani na dawa za mafua. Kipimo cha kwanza kikiwa hasi na homa ipo, omba kirudiwe ndani ya saa 12 hadi 24. Tahadhari hiyo iendelee mwaka mzima, ingawa wengi huugua ndani ya miezi 3 ya mwanzo.